Mzee Asiachwe Mlangoni mwa Darasa

Mazungumzo baada ya taarifa ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Msemo huo una ukweli wake, na kwa muda mrefu umetumiwa kuwahimiza wazazi wawafunze watoto wao mapema. Lakini wako watu walioupindua wakaufanya hukumu juu ya wazee, kana kwamba mtu aliyevuka miaka hamsini ni samaki mkavu, ukimkunja atavunjika. Binadamu si samaki. Askari anayekumbuka namba ya bunduki aliyokabidhiwa miaka thelathini iliyopita, na njia ya msituni aliyoipita usiku mmoja tu, na majina ya wenzake wote wa kikosi, hawezi kuambiwa kwamba kichwa chake kimekwisha kufunga mlango.

Mlango unaowafungia wazee wengi siku hizi uko mahali pengine. Nao ni mlango wa darasa lile linalofundishwa kwa video kupitia mtandao wa intaneti.

Shule na vyuo vya Uganda vilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika kipindi hicho kirefu walimu wengi walilazimika kutafuta njia nyingine ya kuwafikia wanafunzi. Mwalimu akakaa mahali pake, wanafunzi wakakaa majumbani mwao, na wote wakaonana na kusikilizana katika kioo cha simu au cha kompyuta. Ugonjwa ulipopungua, njia hiyo haikuondoka. Ilionekana kuwa inawafaa watu walio kazini, wasioweza kuketi darasani mchana. Na ni nani awezaye kushindwa kuketi darasani mchana kuliko askari, ambaye saa zake hupangwa na zamu, na lindo, na safari ya ghafla?

Katika eneo la Makindye, jijini Kampala, jambo hili lina uzito wa pekee. Kilimani iko kambi ya Polisi wa Jeshi. Nsambya ziko nyumba za polisi. Kibuli iko shule ya mafunzo ya polisi. Katika majumba hayo na mitaa inayoyazunguka wamo askari waliotumikia taifa miaka ishirini, thelathini na zaidi. Wamo wake zao, wamo wastaafu, na wamo wajane wa wale ambao hawakurudi. Wengi waliacha shule wangali wadogo, wengine kwa ajili ya vita, wengine kwa kukosa karo. Sasa wanataka kujifunza hesabu za biashara, au ufugaji, au Kiingereza cha ofisini, au uendeshaji wa chama cha akiba na mikopo. Hamu wanayo, na mara nyingi simu pia wanayo. Kinachokosekana ni kitu kidogo, lakini udogo wake ndio unaowadanganya wengi wakidharau.

Chukua mfano wa sajini wa polisi mwenye miaka 54, akaaye Nsambya. Umri wa kustaafu, yaani miaka 60, ameanza kuuona kwa macho. Amejiandikisha katika kozi ya utunzaji wa hesabu, na karo ameilipa kutoka katika mshahara wake. Somo la kwanza ni saa mbili usiku. Mwalimu ametuma kiungo cha darasa kwa WhatsApp. Sajini anakigusa. Simu inamwuliza kama anairuhusu programu itumie kipaza sauti chake. Halafu inamwuliza habari ya kamera. Sajini ni mtu aliyefunzwa maisha yake yote kutomruhusu asiyemjua apite langoni. Anajibu kwamba anakataa. Amefanya kama alivyofunzwa.

Darasa linafunguka. Anamwona mwalimu na kumsikia vizuri. Mwalimu anaita majina. Jina la sajini linapofika, anaitika. Anaitika mara ya pili. Mara ya tatu anaitika kwa sauti ya gwaride, hata majirani wanageuka. Mwalimu hasikii kitu. Anaandika kwamba hayupo, ilhali yupo.

Juma la pili, dakika ya arobaini, darasa linakatika ghafla. Sababu yake si ya ajabu: mkutano wa Zoom usiolipiwa hukatwa baada ya dakika 40. Vijana wanalijua hilo, na mara moja wanaingia upya. Sajini anadhani kwamba ni yeye aliyeharibu. Anaizima simu na kuiweka juu ya kabati. Juma la tatu, saa mbili usiku, yuko kantini. Hakuna anayemwuliza kulikoni. Katika daftari la chuo amehesabiwa miongoni mwa walioacha masomo. Kwa kweli yeye hakuacha; aliachwa.

Ndugu wasikilizaji, yafaa ieleweke kwa nini mambo kama hayo hutokea, maana ugonjwa usiojulikana hautibiki.

Kwanza ni mwili. Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi jicho la binadamu hupungukiwa na nguvu ya kusoma kilicho karibu. Na maandishi ya simu huwa madogo, tena hujificha pembeni. Sikio nalo huchoka, na sikio la askari huchoka mapema zaidi, kwa kuwa limesikia milio ya bunduki miaka mingi. Watu wawili wakisema pamoja darasani, kijana bado atang'amua maneno, lakini mzee atasikia mvumo tu. Hata kidole kina habari yake: kioo cha simu hakipokei vizuri mguso wa kidole kikavu chenye sugu. Mzee hugusa, simu isiitike. Hugandamiza kwa nguvu, simu ikafungua jambo jingine kabisa. Wanaotazama husema hajui, kumbe ngozi ya kazi ndiyo iliyomponza.

Pili ni lugha ya chombo chenyewe. Simu husema kwa alama. Kipaza sauti kilichopigwa mstari mwekundu maana yake sauti imefungwa. Kamera iliyopigwa mstari maana yake picha imefungwa. Kijana amezikuta alama hizo tangu utotoni. Mzee hakuzaliwa nazo, kama vile kijana naye hakuzaliwa na ujuzi wa kusoma ramani na dira. Hakuna akili zaidi wala pungufu katika jambo hilo. Kuna kufundishwa na kutofundishwa.

Tatu ni aibu, na hii ndiyo adui mkubwa. Sajini meja aliyewaamuru watu mia moja huona haya kumwomba kuruta amwonyeshe kitufe. Mama wa makamo huona haya kuuliza mbele ya watu walio sawa na wanawe kwa umri. Hivyo hukaa kimya, na ukimya wao hudhaniwa kuwa ni kuelewa. Lakini jeshi lenyewe lina jibu la aibu hiyo. Katika uwanja wa shabaha, mkufunzi akiwa koplo, hata ofisa humsikiliza, wala cheo cha ofisa hakianguki. Anayejua hufundisha, asiyejua hujifunza, kisha kila mtu hurudi mahali pake. Basi lililo halali uwanjani haliwezi kuwa fedheha mbele ya simu.

Elimu ya watu wazima si jambo jipya katika Uganda na nchi jirani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na kikosi maalumu cha elimu, na askari wengi walijifunza kusoma na kuandika wakiwa wamevaa sare. Chuo cha Makerere kilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953. Kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma ilianzishwa nchini mwaka 1964, na mpango wa kisomo chenye manufaa ukaanza mwaka 1992. Kila kizazi kilitumia chombo cha wakati wake, kuanzia ubao na chaki hadi masomo ya posta na redio. Video ni chombo kingine tu katika mstari huo.

Lakini funzo kubwa kuliko yote latoka Tanzania. Mwaka 1973 ilifanyika huko kampeni ya afya kwa njia ya redio, iliyoitwa Mtu ni Afya, nayo iliwashirikisha watu wazima wapatao milioni 2. Wengi hudhani kwamba redio ndiyo iliyofanya kazi hiyo. La. Redio peke yake ingalisema na upepo. Watu waligawanywa katika vikundi vidogo, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo kabla ya kampeni kuanza. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi pamoja, kiongozi akasoma kitabu cha somo kwa sauti, watu wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kutenda: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Aliyekuwa haoni vizuri alisomewa. Aliyekuwa hasikii alirudiwa. Aliyekuwa na haya alikuwa miongoni mwa jirani zake.

Hilo ndilo jambo lililosahauliwa katika madarasa ya video. Zamani redio ilipelekwa pamoja na mtu wa kukaa kando ya msikilizaji. Leo kiungo hutumwa peke yake, saa moja kabla ya somo, na mzee akaachwa apambane nacho. Chombo hakifundishi mtu kukitumia chombo chenyewe. Afundishaye ni mtu, aliyeketi kando, mwenye subira.

Kwa hiyo basi, dawa ya kwanza ni mwenza wa darasa. Kila mzee anayejiandikisha kusoma kwa video awe na mtu mmoja, kijana wa nyumbani, au askari mwenzake, au jirani, atakayekuja siku mbili kabla ya somo la kwanza, si dakika mbili. Kazi ya mwenza huyo si kuishika simu na kufanya haraka haraka huku mzee akitazama. Haraka hiyo haina baraka. Kuruta hafundishwi kufungua na kufunga bunduki kwa kumtazama mkufunzi. Mikono yake mwenyewe ndiyo inayofungua na kufunga, mara kumi, mara ishirini, mpaka aweze hata gizani. Vivyo hivyo simu na ikae mkononi mwa mzee. Mwenza aseme, mzee atende. Wafungue darasa la majaribio wao wawili tu, mmoja sebuleni, mwingine uani. Mzee aingie, atoke, afunge sauti, afungue sauti, akatike kwa makusudi, kisha aingie tena. Aliyekwisha kukatika mara tano katika mazoezi hataogopa kukatika katika somo.

Dawa ya pili ni karatasi. Hatua ziandikwe kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwa lugha aijuayo mzee, iwe Kiswahili, Luganda au nyingine, na karatasi ibandikwe ukutani. Hatua zisizidi sita: washa intaneti, fungua ujumbe wa mwalimu, gusa kiungo, simu ikiuliza habari ya sauti na kamera kwa ajili ya darasa hili, kubali, andika jina lako, ukikatika, gusa kiungo upya. Pia maandishi ya simu yakuzwe, jambo ambalo karibu kila simu ya kisasa ina uwezo wa kulifanya. Miwani iwe karibu. Visikilizio vya masikioni vitumiwe. Na mzee akae akielekea dirisha au taa, maana akiupa mwanga kisogo, darasa litaona kivuli tu.

Dawa ya tatu inawahusu askari moja kwa moja, nayo ni ya kufurahisha. Adabu ya darasa la video ni ile ile ya redio ya mawasiliano. Askari wa zamani anajua kwamba hewani husema mtu mmoja. Kwamba kabla ya kusema hubonyeza kitufe, na akimaliza hukiachia. Kwamba hujitaja jina kwanza, kisha husema kwa ufupi, na humaliza kwa "ova" ili mwenzake ajue zamu imefika. Basi kile kitufe cha kipaza sauti katika Zoom au Google Meet ni ndugu wa kitufe cha redio. Mzee akielezwa hivyo, uso wake hubadilika, kwa sababu ameambiwa jambo analolijua. Ataona, tena, kwamba wanaovuruga darasa mara nyingi ni vijana, wanaoacha sauti wazi huku televisheni ikiunguruma nyuma yao. Jungu kuu halikosi ukoko.

Dawa ya nne iko mikononi mwa walimu. Mwalimu wa watu wazima afungue darasa dakika kumi na tano kabla ya saa, dakika hizo ziwe za kusalimiana na kuhakikisha kwamba kila mtu anasikia na anasikika. Asiyesikika asiandikwe hayupo kabla ya kupigiwa simu ya kawaida. Mwalimu aseme polepole, aite watu kwa majina, na kwa heshima wanayostahili, mzee kwa uzee wake na afande kwa cheo chake. Na somo lenyewe liwekwe pia kwa sauti au kwa maandishi, ili aliyekuwa lindo asipoteze kila kitu.

Liko pia suala la gharama. Mwezi Julai 2021 kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii iliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Somo la video la saa moja laweza kula gigabaiti moja au hata zaidi. Kwa mtu wa pensheni hilo si jambo dogo. Lakini hapa tena mfano wa vikundi vya redio unafaa. Wanafunzi watano au sita wanaweza kukusanyika mbele ya kioo kimoja kikubwa, katika ukumbi wa kambi au nyumba ya mmojawapo, wakagawana bei ya bando. Wataokoa fedha, na watapata kilicho bora kuliko fedha, yaani wenzi wa kuulizana. Anayesoma peke yake azime kamera yake baada ya salamu, na matumizi yatapungua.

Hatimaye liko suala la usalama, ambalo askari hahitaji kuhubiriwa, bali kukumbushwa. Kamera huonyesha kila kilicho mbele yake. Mwanafunzi aliye kambini akae mbele ya ukuta mtupu, asionyeshe ghala, wala silaha, wala karatasi za kazi, wala watu wasiohusika. Na kwa wazee wote, matapeli wameijua njia hii. Darasa la kweli halina haja ya namba ya siri ya fedha za simu. Mwenza wa darasa naye asiijue namba hiyo, hata akiwa mjukuu. Mtu atakayepiga simu na kudai kwamba anataka kumsaidia mzee kuingia darasani kwa kumtajia namba ya siri, huyo ni mwizi, na polisi wapewe habari zake. Ikiwa mzee wa Nsambya ataelezwa tofauti iliyopo kati ya kulikubalia darasa na kumkubalia mwizi, hatakuwa na sababu tena ya kuukataa mlango wa elimu kwa kuuogopa mlango wa wizi.

Wako watakaouliza, je, kuna faida gani ya kuhangaika hivyo kwa ajili ya watu waliobakiwa na miaka michache ya kazi? Jibu lilikwisha kutolewa Eldoret, nchini Kenya. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa sare, akaketi pamoja na watoto. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York akauhutubia Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Alifariki dunia mwaka 2009. Hakuna aliyedai kwamba elimu ile ilimpotea. Na aliingia darasani kwa sababu mwalimu mmoja alikubali kumfungulia mlango.

Sajini wa miaka 54 bado ana safari ndefu mbele yake. Atakapoivua sare, kiinua mgongo chake kitakuwa mikononi mwake, na wajanja watamzunguka. Kama anajua hesabu, atakilinda. Kama hajui, kitayeyuka, na nyumba yake italala njaa. Mjane anayejifunza kuendesha duka hasomi kwa anasa. Anasomea chakula cha watoto. Haya ndiyo yanayopotea mwalimu anapoandika neno moja, hayupo, kisha akafunga daftari.

Jeshini na polisi, mtu asipoonekana kwenye gwaride la asubuhi, hutafutwa. Huulizwa yuko wapi, amepatwa na nini, nani alimwona mara ya mwisho. Hakuna kikosi cha heshima kinachomwandika askari kuwa hayupo na kuendelea na safari kana kwamba hakuwahi kuwapo. Utaratibu huo mwema uvuke sasa, uingie katika madarasa. Jioni ya leo, katika nyumba nyingi za Makindye na kwingineko, simu iko juu ya kabati, na mzee amekaa mbali nayo akijisingizia kwamba ana kazi nyingine. Kijana wa nyumba hiyo amwendee, ampe kiti, amrudishie simu mkononi, waanze upya pamoja. Kuuliza si ujinga, na kumsaidia mzee asome ni sehemu ya kulipa deni.